Kufuli ya kumzuia mwizi isije ikakufungia wewe

JUMAMOSI moja usiku, watoto wakiwa wamekwisha kulala, nilizima swichi kuu ya stima ya nyumba yetu, nikatazama saa kwa mwanga wa kurunzi, nikaizima kurunzi nayo, kisha nikapiga mayowe: "Moto! Moto! Tokeni nje!"

Mama watoto nilikuwa nimemdokezea mapema. La sivyo, makala haya ningekuwa nayaandika nikiwa kwa jirani.

Nilitaka kujua ni muda gani ungetuchukua sisi watu sita kutoka iwapo nyumba ingeshika moto usiku wa manane. Nilikadiria dakika moja, kwani nyumba yenyewe ni ya vyumba vitatu vya kulala, haina ghorofa, na kutoka kitanda cha mwisho hadi mlango wa mbele si hatua ishirini. Tulitumia dakika saba.

Mlango huo una kitasa, makomeo mawili, na nje yake lango la chuma lenye kufuli. Ufunguo wa kitasa ulikuwa juu ya kabati la vyombo, mahali ambapo watoto hawafiki. Ule wa kufuli ulikuwa mkobani mwa mama, na mkoba wenyewe ilibidi tuutafute kwa kupapasa. Mlango wa jikoni hakuna aliyeusogelea, kwa kuwa tangu Krismasi tulikuwa tumeuegemezea gunia la mkaa na pipa la maji. Tulipofaulu kutoka hatimaye na kuhesabiana, tulipata kuwa kifunguamimba wetu, msichana wa miaka kumi na mmoja, hayupo. Nilizunguka nyuma ya nyumba mbio. Nilimkuta dirishani mwa chumba chake, ameshika vyuma kwa mikono miwili, analia. Vyuma hivyo nilivilipia mimi, na siku fundi alipomaliza kuvipachika nilimwongeza pesa ya soda kwa kazi nzuri.

Sisi wakazi wa mijini tumezijenga na kuzipanga nyumba zetu tukiwa na adui mmoja tu akilini, naye ni mwizi. Sitamlaumu yeyote kwa hilo. Aliyewahi kuamka asubuhi akakuta televisheni, redio na hata sufuria zimekwenda, au aliyewahi kuwekewa panga shingoni mbele ya watoto wake, hahitaji kuhutubiwa kuhusu umuhimu wa grili. Lakini nyumba ina kazi mbili. Kumzuia asiyetakiwa asiingie ni moja. Ya pili ni kumruhusu mwenye nyumba atoke upesi anapohitaji kutoka, na hii ya pili tumeisahau kabisa.

Shuleni tulijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Mnamo Machi 1998 wasichana 26 waliangamia katika moto wa bweni la Shule ya Upili ya Bombolulu, mkoani Pwani. Miaka mitatu baadaye, Machi 2001, wavulana 67 walifariki katika bweni la Kyanguli, Machakos. Katika visa vyote viwili kulikuwa na mlango uliofungwa na madirisha yenye vyuma. Mwongozo wa usalama ambao Wizara ya Elimu iliutoa kwa shule mwaka wa 2008 ulisema wazi kwamba madirisha yasiwe na vyuma na milango ya mabweni ifunguke kuelekea nje. Shule ziliambiwa hivyo. Lakini mtoto yule yule akifunga shule na kurudi nyumbani, analala katika chumba chenye vyuma vilivyochimbiwa ukutani kwa saruji.

Siwaambii mng'oe grili. Mwite fundi wa kuchomelea vyuma, yule yule wa Jua Kali aliyekutengenezea, umwambie akate grili ya dirisha moja katika kila chumba cha kulala na kuipachika upya kwa bawaba ili ifunguke kama mlango, halafu aweke mahali pa kutilia kufuli upande wa ndani. Si kazi ya siku mbili. Dirisha lenyewe liwe la kutosha mtu mzima kupita, kwani vile vidirisha vya juu vya kupitishia hewa havimwokoi mtu. Kisha ufunguo wa kufuli hiyo utundikwe kwenye msumari ndani ya chumba hicho hicho, mahali ambapo mtoto anaufikia lakini mwizi wa ndoano hawezi kuuvuta kwa ufito kutoka nje. Mimi nilitundika wetu ukutani nyuma ya mlango. Mlango wa mbele ni vivyo hivyo: ufunguo usiondoke hapo usiku, uwe na msumari wake mbali na dirisha, na kila mtu ndani ya nyumba, yaya akiwemo, aujue. Wageni nao waonyeshwe. Tunawaonyesha wageni choo, mbona tusiwaonyeshe ufunguo?

Wale wa fleti wana tatizo la ziada. Lango la chini hufungwa kuanzia saa nne au saa tano usiku, na ufunguo anao askari mmoja ambaye huenda amekwenda kutafuta sigara. Wapangaji waungane wadai ufunguo wa pili uwekwe mahali panapojulikana, na ngazi zisigeuzwe stoo ya baiskeli, magodoro mabovu na mitungi ya gesi. Mwenye nyumba akikataa peke yenu mmoja mmoja, atasikiliza mkienda watu kumi.

Kuna jambo jingine ambalo ni chungu kulisema. Kila mwaka magazeti huwa na habari ya watoto wadogo walioteketea ndani ya nyumba iliyokuwa imefungwa kwa kufuli kutoka nje. Mara nyingi mzazi alikuwa ametoka kwenda kutafuta kibarua cha kufua, au alikuwa sokoni, au zamu ya usiku. Watu humlaani mama huyo bila kumwuliza angemwachia nani mtoto. Alimfungia kwa sababu aliogopa waovu wa nje. Lakini nyuma aliacha koroboi au jiko, na mtoto wa miaka minne hajui kuzima moto. Anachojua ni kujificha chini ya kitanda. Ikiwa hakuna jirani, hakuna shangazi, hakuna nyumba ya kulelea watoto iliyo karibu, basi angalau ufunguo uachiwe mtu wa mlango wa pili, na kusiwe na moto wowote unaowaka ndani. Nasi majirani tuache kusema "hayanihusu". Kumwekea mwenzako ufunguo hakugharimu chochote.

Sasa tuuangalie moto wenyewe unakotoka. Katika nyumba zenye stima, nianze na ule waya mrefu wa soketi nyingi unaotambaa chini ya zulia. Plagi zetu za pini tatu huwa na fyuzi isiyozidi ampea 13. Kwa stima yetu ya volti 240, hiyo ni takriban wati 3,120 kwa soketi moja ya ukutani, basi. Birika la stima pekee laweza kula wati 2,000 au zaidi, na pasi wati 1,000 na ushei. Ukiziwasha zote mbili kwenye waya huo mmoja asubuhi unapowatayarisha watoto, umefika ukingoni. Ukiongeza jiko la koili umevuka. Waya hupata joto chini ya zulia bila mtu kuona. Fyuzi iliwekwa iungue kabla waya haujaungua, na ndiyo sababu wale wanaoifunga kwa karatasi ya pakiti ya sigara wanacheza na mauti. Plagi inayoacha alama ya hudhurungi ukutani, swichi inayovuma, soketi inayotoa harufu ya plastiki: haya yote si mambo ya kungoja mwisho wa mwezi. Na ile shawa ya maji moto inahitaji waya wake mnene, swichi yake na ethi iliyofungwa sawasawa. Ukihisi msisimko mdogo unapogusa bomba, usimwambie mwenzako avae ndara anapooga. Izime, umwite fundi wa stima aliye na leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia mambo ya kawi. Leseni mwombe akuonyeshe, hata kama ni shemeji yako.

Hapa ndipo paa linapoingia. Wengi hudhani kwamba bati linalovuja ni usumbufu wa kuweka karai sebuleni hadi mvua iishe. Yale maji unayoyaona yakidondoka kwenye karai yamepitia juu ya dari kwanza, na juu ya dari ndipo nyaya za taa zilipolala. Kabla ya masika kuanza Machi, na tena kabla ya vuli Oktoba, mtu apande akaze misumari iliyolegea, abadilishe ile iliyopoteza raba, na azoe majani kwenye mifereji ya paa. Mfereji ulioziba hurudisha maji ukutani, ukuta hunyonya, na mbao za milango hufura.

Mlango uliofura ni hatari ambayo sikuwa nimeifikiria hadi usiku ule. Wetu wa jikoni, hata baada ya kuondoa gunia na pipa, ulihitaji teke. Kila masika tulikuwa tukisema kwamba utakauka, na kweli ulikuwa ukikauka, kisha unafura tena. Seremala aliupiga randa upande wa chini, akaupaka rangi hata ukingo usioonekana ambapo ndipo maji huingilia, na sasa mtoto wa miaka sita anaufungua. Seremala huyo huyo ndiye aliyenionyesha njia za udongo za mchwa zikipanda kwenye fremu. Ukigonga fremu ikatoa sauti ya mtungi mtupu, ndani hamna mbao tena, ni rangi tu inayosimama. Na mara nyingi tunawaalika wenyewe kwa kurundika kuni na mbao chakavu ukutani.

Turudi jikoni. Mafuta ya kukaangia yakiwaka kwenye sufuria, mtu hukimbilia maji. Usithubutu. Maji hugeuka mvuke mara moja na kuyarusha mafuta yanayowaka hadi darini. Zima jiko, funika sufuria kwa mfuniko au sinia, uiache ipoe bila kuibeba. Aliyeungua atiwe chini ya maji safi yanayotiririka kwa dakika ishirini, asipakwe dawa ya meno, siagi wala yai, kisha apelekwe hospitalini ikiwa kidonda ni kikubwa au ni mtoto.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu ikatoka dirishani, bali hutambaa sakafuni kama maji na kujikusanya chini ya kabati. Hivyo ukiingia jikoni alfajiri ukanusa ile harufu mbaya, usiwashe taa na usizime iliyowaka, kwani cheche moja ya swichi yatosha. Funga mtungi, fungua milango, toa watu. Kila ubadilishapo mtungi, uwe wa kilo 6 au 13, paka povu la sabuni kwenye viungo. Povu likitoa mapovu, pana tundu. Usitumie kiberiti kutafuta tundu, ingawa najua mafundi wanaofanya hivyo na bado wana nyusi. Mpira wenye nyufa ubadilishwe. Na mtungi uliojazwa kichochoroni kwa bei ya chini si nafuu. Usiku wa Februari 1, 2024 mlipuko wa gesi kule Embakasi, Nairobi, uliua watu na kujeruhi zaidi ya 200, wengi wao wakiwa majumbani mwao, hawana habari na biashara hiyo.

Mafuta ya taa sitayasemea mengi. Yasitiwe kwenye chupa ya soda, kamwe. Mtoto mwenye kiu haulizi. Akiyanywa, asilazimishwe kutapika, kwa kuwa yanaporudi juu huingia mapafuni na kumdhuru zaidi. Akimbizwe hospitalini na chupa ile ichukuliwe ionekane.

Lakini nikiulizwa ni kitu gani kilicho hatari zaidi katika nyumba zetu, nitasema ni jiko la mkaa katika miezi ya baridi. Kuanzia Juni hadi Agosti, Limuru, Kinangop, hata hapa Nairobi, familia huingiza jiko chumbani, hufunga madirisha na kulala. Kosa letu ni kuamini kwamba hatari ni moshi. Tunaliacha jiko nje hadi moshi uishe na makaa yawe mekundu mazuri, halafu tunaliingiza tukidhani tumeshakuwa waangalifu. Makaa hayo mekundu ndiyo yanayotoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu haamki kwa kikohozi. Huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi mzito humchukua. Ikiwa watu wote nyumbani wameumwa kichwa kwa pamoja, wakapata nafuu walipotoka nje, hiyo si homa. Waelekee hospitalini. Majiko yenye udongo ndani, yaliyoenea tangu miaka ya 1980, hupunguza matumizi ya mkaa na ni mema kwa mfuko, lakini hewa hii hayaiondoi.

Wajenzi wa zamani waliacha vitundu vya hewa juu ya madirisha. Hebu viangalie vyako. Kwetu viwili vilikuwa vimezibwa kwa magazeti kwa ajili ya mbu na vumbi, na moja ya magazeti hayo, kwa aibu nakiri, lilikuwa na makala yangu. Piga wavu wa mbu, hewa ipite. Jiko likae nje au kwenye veranda, na baridi ipigwe kwa blanketi la pili, chupa ya maji moto, au watoto kulala wawili wawili kama tulivyolala sisi.

Na moto ukizuka licha ya hayo yote, familia ijue mambo machache bila kufikiri. Moshi huua kabla ya miali, nao hukaa juu, kwa hiyo tambaa. Gusa mlango kwa mgongo wa mkono kabla ya kuufungua. Ukiwa wa moto, tumia dirisha. Funga mlango nyuma yako, maana mlango uliofungwa hukawiza moto. Kuwe na mahali pamoja pa kukutania nje ili mhesabiane, na sisi tumechagua mparachichi ulio kando ya lango. Hakuna kurudi ndani kuchukua televisheni. Vyeti vya kuzaliwa na hatimiliki viwe na nakala kwa ndugu wa karibu, visije vikamwua mtu. Ukishakuwa nje ndipo upige simu 999 au 112.

Tulifanya jaribio la pili Jumamosi iliyopita. Safari hii watoto walikuwa wameambiwa kwamba litafanyika mwezi huu, ila hawakujua siku. Kifunguamimba alitoka kupitia dirishani, grili ikafunguka kwa mlio kidogo (bawaba zinataka mafuta), akamvuta mdogo wake nyuma yake. Yaya alifungua mlango wa jikoni kwa mkono mmoja. Dakika moja na sekunde ishirini, nikahesabu watu sita chini ya mparachichi na kuanza kushangilia.

"Na nyanya?" akauliza kitindamimba.

Mama yangu alikuwa amewasili Ijumaa kutoka mashambani, naye hakuna aliyekuwa amemwonyesha ufunguo.